Nani Alimuuliza Mzazi?

Mwaka 1944 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Hans Cory kuhusu mabasa, sherehe walizozifanya Wasukuma mapacha wanapozaliwa. Cory, mzaliwa wa Vienna aliyegeuka mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alivutiwa na ngoma, na dawa, na nyimbo zenye maneno ambayo siku za kawaida hayatamkwi mbele ya wakwe. Aliyekaa katikati ya shughuli ile yote alikuwa mwanamke aliyetoka kuzaa watoto wawili kwa mkupuo. Amechoka. Ana hofu, maana mapacha walihesabiwa kuwa jambo zito, lenye hatari kwa wazazi na hata kwa majirani. Jamii ilijibu hofu ile kwa kumzunguka: ukoo ulikuja, majirani walikuja, wakacheka na kutukanana kwa ruhusa ya mila mpaka uzito ukapungua.

Haitakuwa haki kusema wazee wale walikuwa wakitibu sonona. Neno lenyewe hawakuwa nalo, na nia yao ilikuwa kuondoa nuksi. Lakini matokeo yake ni kwamba mzazi wa mapacha hakuachwa peke yake na mawazo yake, na watoto wake, Kulwa na Doto, walipata majina yanayotambulika Usukumani kote. Hata mtoto aliyefuata baada yao jina lake, Shija, lilikuwa tayari likimsubiri.

Wanawake ninaowazungumzia hapa ni wa eneo linaloitwa leo Mkoa wa Simiyu, lililokuwa upande wa mashariki wa Usukuma: himaya za watemi wa Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa na wengineo, zilizokusanywa na Waingereza katika Wilaya ya Maswa. Wanyantuzu wa Bariadi hadi leo hupenda kukumbusha kwamba wao ni wao. Mkoa ulizaliwa Machi 2012, ukakatwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatolewa upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki tano na nusu katika miaka kumi, na nyuma ya namba hiyo wako wanawake waliobeba mimba, wakajifungua, wakarudi shambani.

Habari za akili zao hazina faili lake katika nyaraka. Anayezitafuta huzikuta pembezoni mwa mambo mengine: katika vitabu vya mila, katika taarifa za wamisionari, katika takwimu za vifo, na, kwa aibu yetu, katika Kanuni ya Adhabu.

Tuanzie kwenye ng'ombe. Cory aliandika pia kitabu kinene, Sukuma Law and Custom, kilichotoka 1953, na sehemu yake kubwa ni mahari. Mila za ndoa ziliandikwa kama hesabu: nani atoe ng'ombe wangapi, nani arudishiwe wangapi ndoa ikivunjika, na watoto waliozaliwa wapunguze deni kwa kiasi gani. Mwanamke aliyezaa alikuwa amelipunguzia boma la baba yake mzigo wa kurudisha mifugo. Aliyekaa miaka bila mimba, au aliyezika watoto mfululizo, alijua kwamba kila mtu katika kaya anapiga hesabu hiyo kimoyomoyo. Mwaka 1963, mwaka uleule serikali huru ilipoufuta utemi, tamko la sheria za mila liliihifadhi hesabu hiyo katika maandishi ya kisheria. Kitabu cha Cory kinaeleza kwa ufasaha safari ya ng'ombe kutoka boma hadi boma. Mwanamke aliyepoteza mimba ya tatu alilalaje usiku, hakisemi.

Aliyeuliza hilo alikuwa nfumu, mganga wa Kisukuma. Mwanamke aliyejifungua akaanza kukonda, kulia, kukataa kumnyonyesha mtoto au kusema maneno yasiyoeleweka, alipelekwa kwa mganga apigiwe ramli, mara nyingi kwa kifaranga aliyepasuliwa na kusomwa ndani. Swali la nfumu halikuwa "unaumwa wapi" peke yake. Alitafuta uhusiano ulioharibika: mizimu ya upande wa baba au wa mama, yaani masamva wanaodai kukumbukwa, mke mwenza, shemeji, deni la mahari lisilokwisha. Mwanaanthropolojia Koen Stroeken wa Ubelgiji, aliyeishi Usukumani miaka ya 1990 na kuandika kitabu Moral Power kilichotoka 2010, ameeleza jinsi uganga wa huko unavyomrudisha mgonjwa katika mahusiano. Wanawake wengi waliingia pia katika Buchwezi, chama cha pepo ambamo mwanamke anayeteswa alipata ndugu wapya, hadhi na haki ya kupaza sauti.

Ndivyo waganga wanavyopenda kukumbukwa. Upande wa pili wa ramli ileile ni kwamba nyuma ya kila msiba kuna mtu aliyeusababisha, na mtu huyo alitafutwa. Mtoto akifa siku ya tatu, mzazi akirukwa na akili, kidole kilielekezwa kwa mwanamke mwingine, mara nyingi mzee na mjane, wakati mwingine bibi yuleyule aliyempokea mtoto. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetafiti suala hili, aliandika kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa. Kwa hiyo anayesifu malezi ya zamani ya mzazi akumbuke kwamba faraja ya mwanamke kijana iliweza kununuliwa kwa damu ya mwanamke mzee. Na yule kijana naye, akijaliwa umri, angefika zamu yake.

Misheni zilikuja na swali tofauti. Church Missionary Society walifika Nassa, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa miaka ya 1880. Leo Nassa iko Wilaya ya Busega. Mwaka 1909 kituo kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na mwaka 1913 ikaanzishwa Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, hospitali ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kimbilio la watu kutoka mbali. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya Waingereza nayo ikaanza kujishughulisha na uzazi, kwa sababu isiyofichwa sana: watoto walikuwa wakifa mno, na koloni lilihitaji wafanyakazi na walipa kodi. Mama alipimwa tumbo na kufundishwa kuoga mtoto. Mama mwenyewe alikuwa njia ya kumfikia mtoto.

Pamba iliongeza shinikizo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947 na makao yake Malya, ulisukuma watu kuelekea ardhi mpya, na vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani vikakua kwa sababu pamba ilikuwa nyingi. Mwanamke aliyejifungua wakati wa palizi alijua kitanda si chake kwa muda mrefu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 kaya za Usukumani, zilizozoea kukaa mbalimbali kila moja na boma lake, zilihamishwa na kupangwa kwa mistari. Tangu miaka ya 1980 familia nyingi zikafuata malisho hadi Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero na Lindi. Historia hizi husimuliwa kama historia za ng'ombe na ardhi. Zilikuwa pia historia za wanawake waliojifungulia ugenini, mama mzazi akiwa siku kadhaa za safari, bila mtu wa kumchemshia uji wala wa kumwambia, "Lala, nimshike mimi."

Wakati hayo yakiendelea, elimu ya magonjwa ya akili ilikuwa imekwisha kumtolea Mwafrika hukumu. Tanganyika ilikuwa na Lutindi, Usambara, iliyoanzishwa enzi ya Wajerumani, na Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa 1927. Hizo zilikuwa nyumba za kuwafungia waliokwisha kuwa tishio. Mwanamke wa Bariadi angefika Mirembe akiwa amesafiri mamia ya kilomita, na angefika tu kama alichoma nyumba au alijeruhi mtu. Aliyelia kimya hakuhusika. Nairobi, Dakta J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, The African Mind in Health and Disease, akidai kwamba sonona kwa Waafrika ni nadra sana. Alikuwa amewaona waliofungiwa. Wanawake waliobaki majumbani, wakitwanga na kunyonyesha huku moyo umezima, hawakupita mlangoni kwake, naye akahitimisha kwamba hawapo.

Jibu lilitoka ng'ambo ya ziwa, na hapa ndipo historia hii inapopendeza. Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, idara ya magonjwa ya akili chini ya Allen German ilianza kutoka wodini na kwenda vijijini. Wajawazito waliohudhuria kituo cha afya cha Kasangati, nje ya Kampala, walihojiwa kuhusu hali zao za akili. John Orley na John Wing, katika utafiti uliochapishwa 1979, walikuta sonona katika vijiji viwili vya Uganda kwa kiwango kikubwa kuliko walichokikuta kwa wanawake wa Camberwell, London. Hoja ya Carothers ikaanguka chini kwa ushahidi wa vijiji.

Mwingereza John Cox alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi Uganda miaka hiyo. Alitafiti wanawake 263 wa viunga vya mji, wajawazito na wengineo, na aliandika pia kuhusu amakiro, ugonjwa ambao Waganda waliujua kuwa humpata mama baada ya kuzaa, ukihusishwa na uzinzi wakati wa mimba. Waganda walikuwa wameshautenga ugonjwa huo na kichaa cha kawaida, wakaupa jina, dalili na tiba. Cox alirudi Uingereza, na mwaka 1987, pamoja na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, akachapisha kipimo cha Edinburgh: maswali kumi ambayo mama anayajibu kuhusu siku saba zilizopita. Je, umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? Kipimo hicho kimetafsiriwa kwa lugha nyingi za dunia, na kinaitwa kwa jina la mji wa Scotland. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kujua kwamba aliyekitunga alianza kuuliza maswali ya aina hiyo miongoni mwa wanawake wa Buganda.

Mwaka huohuo wa 1987, mwezi Februari, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano uliozindua kampeni ya Uzazi Salama duniani. Kazi iliyofuata haina budi kuheshimiwa. Tanzania ilikuwa imeanzisha huduma za mama na mtoto tangu 1974; sasa wakunga wa jadi walipewa mafunzo, kisha sera ikageuka na wanawake wote wakatakiwa wajifungulie kituoni. Kulingana na tafiti za kitaifa za afya, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16 hadi 104 katika ule wa 2022. Simiyu yenyewe ilipata miradi yake, ukiwemo Uzazi Uzima uliotekelezwa na Amref na wenzake kwa fedha za Kanada.

Lakini kampeni inayohesabu vifo huona vifo. Kadi ya kliniki ilijaa uzito, presha, wingi wa damu, kaswende na VVU. Mmarekani Denise Roth Allen, aliyefanya utafiti katika mkoa wa zamani wa Shinyanga mapema miaka ya 1990 na kuchapisha Managing Motherhood, Managing Risk mwaka 2002, aligundua kwamba hofu za wanawake hazikuwa zile zilizobandikwa ukutani. Wataalamu walizungumzia kifafa cha mimba na kutokwa damu. Wanawake walizungumzia pia ugumba, mimba iliyoharibika, mchango tumboni, mimba iliyogeukia mgongoni na kukataa kukua. Hofu yao kubwa ilikuwa kukosa mtoto, na yote yanayofuata mwanamke akikosa mtoto. Mhudumu aliyefundishwa dalili za hatari hakuwa na kisanduku cha kuyaandika hayo, kwa hiyo aliyaita imani potofu na kuendelea na foleni. Na bibi mkunga, ambaye angalau angekaa chini akasikiliza, alikuwa akiondolewa kazini.

Watafiti wa Tanzania ndio walioleta namba. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili waliwahoji wajawazito 787 Dar es Salaam na kuchapisha mwaka 2010 kwamba asilimia 39.5 walikuwa na dalili za sonona. Moshi, Jane Rogathi na wenzake walifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 na kukuta, siku ya arobaini baada ya kujifungua, asilimia 12.2 wana sonona. Waliopigwa au kunyanyaswa na wenzi wao walikuwa hatarini zaidi. Mwanza, mji ambako wagonjwa wa Simiyu hupelekwa hospitali ya Bugando hali ikizidi, utafiti uliochapishwa 2015 uliwauliza wajawazito 397 kwa kutumia kipimo cha Edinburgh. Asilimia 33.8 walionyesha dalili. Yaliyohusiana nazo yalikuwa wasiwasi juu ya mimba yenyewe, uhusiano na mwenzi, na umaskini. Kwa maneno mengine, maswali yaliyoanzia upande wa kaskazini wa ziwa yalizunguka Edinburgh yakatua upande wa kusini, na majibu yake yakafanana kwa kiasi cha kushangaza na mambo ambayo nfumu alikuwa akiyatafuta ndani ya kifaranga: mume, wakwe, mali, hofu ya kupoteza mtoto.

Isidhaniwe kwamba ni ukosefu wa hospitali tu unaomfanya mama mweusi asionekane. Marekani ina madaktari wa akili kwa maelfu, na bado utafiti wa New Jersey uliochapishwa 2011, ukiwahusu akina mama wa kipato cha chini wenye bima ya serikali, ulionyesha kwamba wenye asili ya Afrika walikuwa na uwezekano mdogo kuliko weupe wa kuanzishiwa matibabu ya sonona baada ya kujifungua. Na huku kwetu, kusifiwa ujasiri nako kuna gharama. Usukumani mwanamke asiyelia wakati wa uchungu husifiwa; akilia wiki ya tatu, watu hawajui wamweke wapi, husema tu, "Ana mawazo."

Wako ambao hata sifa hiyo hawakuipata. Kwa miongo mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba hatarudi darasani. Zuio liliondolewa Novemba 2021. Katika mkoa ambao binti bado huweza kuozwa mapema kwa ng'ombe, miaka hiyo ilizalisha wazazi wa umri wa miaka 15 na 16 waliopoteza shule, marafiki na mara nyingine kwao, kwa mkupuo mmoja. Wengine walitoka leba na fistula, wakivuja mkojo na kukwepa hata kukaa kwenye mkeka wa jirani, mpaka walipofika Bugando kufanyiwa upasuaji.

Kuna andiko moja la dola ambalo kwa muda mrefu limekiri wazi kwamba kuzaa kunaweza kuyumbisha akili. Ni kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili katika sheria ya Uingereza. Kinasema kwamba mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, wakati akili yake imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, kosa lake si mauaji ya kukusudia, na ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Majaji wanaosikiliza mashauri kutoka Bariadi na Maswa wanakijua. Ni kifungu cha huruma, na wakili mzuri anaweza kumwokoa nacho mwanamke asinyongwe. Ila tazama mahali kilipowekwa: mama anapata kuulizwa akili yake ilikuwaje akiwa kizimbani, mtoto ameshazikwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Septemba 2022 wa kuingiza afya ya akili ndani ya huduma za kawaida za mama na mtoto, likikumbusha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili wakati wa mimba au katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Halidai hospitali mpya. Linadai mhudumu wa kliniki ya kawaida aulize, asikilize, ajue wa kumpelekea.

Bariadi ina hospitali ya rufaa ya mkoa Nyaumata na ile ya zamani Somanda. Kila wilaya ina hospitali na zahanati ambako mzazi hufika zaidi ya mara moja kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Anapimwa mtoto, mama amesimama pembeni. Hapo ndipo pa kuuliza yale maswali kumi, na yaulizwe kwa Kisukuma, na mtu ambaye mama hamwogopi, mume asiwepo wala mama mkwe. Bibi wakunga waliostaafishwa na sera bado wako vijijini na wanajua nani halali usiku. Waganga wakuu wa wilaya wangefanya vema kuwaita mezani kabla hawajaisha.